Binti Anayesikiliza Vyungu

Juzi nilikuwa steshenari mjini Kyela, nikisubiri kutoa kopi. Mbele yangu binti aliyemaliza kidato cha sita alikuwa akichapiwa insha ya kuombea ufadhili wa chuo. Fomu ilimtaka ajieleze, na mwisho wa kuituma ulikuwa jioni hiyo.

"Haya, sema," alisema mama mchapaji.

"Baba yangu ni mvuvi. Mama yangu anafinyanga vyungu. Babu yangu..."

Mchapaji aliinua mikono kutoka kwenye kompyuta. "Ukoo wote unakwenda chuo? Wewe je?"

"Si ndivyo tunavyojitambulisha, mama?"

"Ndivyo, hata mimi. Lakini nyumbani wewe unafanya nini?"

Binti aligonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole. "Nasikiliza vyungu. Kabla havijapakiwa mtumbwini, nagonga kimoja kimoja. Chenye ufa hakilii kama vingine. Nikikikataa, mama habishi."

"Hiyo naichapa."

"Ndaga, mama," alishukuru, akasogeza kiti karibu.

Nilirudi nyumbani nikijiuliza mimi ningeanzaje. Nikachukua karatasi, nikafikiri sana, nikaandika: "Baba yangu alikuwa..."