Marhamu ya Kizingitini

Mchawi wa kwanza kuingia nyumbani kwetu alikuja na sanduku la magurudumu, shahada ya famasia na mafua ya mzio. Ni binti wa mama mdogo, kasoma Uingereza, na jioni aliyofika kwetu Amerat, pembeni mwa Maskati, alikaa kitako sebuleni, akamega andazi, akamwangalia mama yangu usoni na kumwambia, "Mama mkubwa, mimi siku hizi ni mchawi."

Nilidhani mama atazimia. Sisi ni watu tuliotoka Unguja, na neno hilo kwetu halitamkwi hivi hivi mtu ana kikombe mkononi. Lakini mama, ambaye magoti yamemtoroka zamani na siku nzima yuko kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya televisheni, alisonya tu.

"Mchawi wa wapi wewe? Kwetu mchawi hajitangazi. Wewe ushaniambia hata andazi hujamaliza."

"Wa kisasa, mama mkubwa. Wa mimea. Simdhuru mtu."

"Basi kazi huna," mama akasema, akageuza uso kwenye taarifa ya habari.

Ikawa hivyo. Huko Uingereza, alinieleza, wako wanawake wengi kama yeye, wanakutana ukumbini na makoti yao ya mvua, wanawasha mishumaa, wanakula biskuti, kisha wanapika mafuta. Kila mafuta na nia yake: haya ya usingizi, haya ya kumpa mtu moyo, haya ya kulinda mlango. Unaroweka majani, unachuja, unatia nta ya nyuki, unakoroga kuelekea kulia huku unaisemesha nia yako. Mimi ninashinda ofisini Al Khuwair nikiwaambia watu warudi kesho, kwa hiyo kitu chochote kinachokorogwa kikakamilika siku hiyo hiyo kilinivutia. Nikawa msaidizi wake.

Tatizo, mapishi yake yalitungwa kwenye nchi ya baridi. Tulitia rihani na rosemari kwenye mafuta ya zeituni, tukaponda ubani, tukaweka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, tukachuja kwa kitambaa cha melimeli, tukamimina kwenye vikopo. Nyumba nzima ilinukia utadhani kuna harusi. Ndani kwenye AC ilikuwa marhamu safi. Ukitoka nayo uani, supu. Tukaongeza nta, ikawa mshumaa, ukijipaka unajikwaruza. Mchawi wetu alikaa chini jikoni akalia kwa hasira, nikamwambia huo mwezi mpevu wanaouwashia mishumaa angeuomba upunguze joto la Maskati kwanza, mengine baadaye.

Jiko lenyewe lilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni dada anayetufanyia kazi, mtu wa Tanga, ambaye ndiye anayemwogesha mama, anamvisha, anamgeuza, na kumjibu pia, maana mama bila mtu wa kubishana naye haishi. Mlokole huyo, mlokole wa kufa mtu. Akimenya vitunguu anaimba pambio, akipiga deki anaimba pambio. Mama, Mwislamu wa swala tano, kwa miaka aliyoishi naye keshazijua zote, na kiitikio kikifika huitikia kutoka kwenye kiti chake, la la la, kwa sababu maneno yenyewe, anasema, yatamtia motoni, lakini sauti haina dini.

Dada wa Tanga hakuyapenda mambo yetu hata kidogo. Alikuwa akipita karibu na bakuli, analisimamia na mwiko mkononi, "Shindwa! Shindwa kabisa!" kisha anaendelea na wali wake.

"Dada, hii ni rosemari tu," binti wa mama mdogo akamwambia.

"Rosemari sina ugomvi nayo. Ulivyokuwa unaisemesha ndiyo sitaki."

Mama naye alishachukua kikopo chake, akakisomea bismillahi, akakihesabu kimetakasika, na kila siku alikuwa anasuguliwa magoti nayo na mtu huyo huyo aliyeikemea ikiwa jikoni. Mmoja anasoma dua zake, mwingine anaomba kwa jina la Yesu, na wa tatu, mkorogaji mwenyewe, yuko mlangoni anauliza kama nia imewafikia. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kiliisha Ijumaa moja ya kiangazi. Asubuhi binti wa mama mdogo aliamua nyumba inahitaji kinga ya husda. Alichukua marhamu iliyobaki, akachanganya chumvi na ubani, akaipaka kwa unene kwenye kizingiti cha mlango wa uani, ule tunaoutumia wanawake, akaweka na kikopo kizima pembeni kilinde zamu. Akaenda kulala. Sikumwambia kitu, nilikuwa nasuka nywele.

Kaka yangu mkubwa alikuja baada ya swala ya Ijumaa kama kawaida yake, akapitia mlango wa majlisi, ule wa wanaume. Yeye ana cheo, ana kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe, na ana mgongo mbovu anaousemea kuliko anavyowasemea watoto wake. Tulikula. Alasiri ikafika, na jirani yetu akaja kunywa kahawa na mama, kama anavyokuja kila alasiri. Jirani ni Mwarabu wa ndani ya nchi, Kiswahili hajui, kwao Bahla, mji ambao ukiutaja kwenye kikao chochote Oman kuna mtu atatania kuhusu uchawi na mwingine atacheka huku anaangalia nyuma yake. Akavuta mlango, akainua mguu, na akakuta kizingiti kimegeuka dimbwi la mafuta, chumvi na chenga za ubani zimetapakaa ndani yake.

Ukelele aliopiga ulimwamsha mchawi mwenyewe.

"Sihr!" alipiga yowe kwa Kiarabu, abaya yake kaikusanya mpaka magotini. "Wallahi mmefanyiwa sihr! Mama yenu ndiyo maana hatembei!"

Sasa, mama hatembei kwa sababu ya gegedu la magoti lililolika, picha za hospitali tunazo. Lakini kaka alikuja mbio, mkono mgongoni, akalitazama dimbwi, na nikaiona rangi inamtoka. Jirani akauliza swali moja tu: huyu mfanyakazi wenu ametoka wapi?

"Tanga," kaka akasema, polepole, kama mtu anayekumbuka mahali alipoacha pochi.

Binti wa mama mdogo alitokea na nywele zimesimama. "Ni mimi!" akasema, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, ili asibaki mtu. "Ni mimi nimeyaweka. Mimi ndiye mchawi!" Na nitamsema ukweli wake, alilisema kwa fahari kidogo.

"Wewe kaa kimya," kaka akamwambia. "Wewe una shahada."

"Na mchawi pia!"

Jirani alishika kifua. "Maskini mwana wa watu. Mnaona? Keshatekwa. Yule wenu wa jikoni anamfanya ajisingizie."

Hebu fikiri. Mchawi anakiri mbele ya mashahidi, harufu ya rosemari mikononi mwake, na hawamtaki. Wanamtaka mpika wali. Dada wa Tanga alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sinia ya kahawa, na Kiarabu chake ni cha jikoni na sokoni, lakini jirani alipomnyooshea kidole na kusema *sahira*, neno hilo alilijua. Liko karibu na sihiri yetu, uchawi. Sijapata kuona aibu kama ile nyumbani kwetu.

"Jumapili nakata tikiti," kaka akasema. Yeye ndiye kafili wake, mdhamini wa kibali chake. Neno lake moja lingetosha, mtu wa watu angerudi Tanga na begi lake, na mawakala kule hawamchukui tena aliyerudishwa kwa uchawi. Ana binti anamsomesha, tunamjua kwa sauti, kila siku yuko kwenye simu anaulizwa amekula nini.

Nilimpigia kaka kelele mpaka jirani akaona haya akajiondokea. Nikamwambia umelogwa kweli, umelogwa akili. Nikamletea bakuli, nta, kitambaa, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama vile na mimi nishatekwa.

Hapo ndipo mama akazungusha kiti chake.

"Haya, mrudishe," akasema. "Lakini nna swali. Wewe unaamini ni mchawi?"

"Mama, si umeona kwa macho yako?"

"Mchawi wa Tanga."

"Wa Tanga, ndiyo."

"Loh. Basi mwanangu, una moyo. Unamfukuza mchawi wa Tanga, unamkatia tikiti kwa mkono wako, na mgongo wenyewe ndio huo."

Mkono wa kaka ukarudi mgongoni wenyewe. Alitazama dimbwi, akatazama mlango wa jiko, akasema labda tusiharakishe, labda akae kidogo tuone. Akaondoka kwa kuvuka kizingiti kwa hatua ndefu mno kwa mtu mgonjwa. Mimi na binti wa mama mdogo tuliangukiana kwa kicheko. Mama alikuwa anacheka huku anajipepea kwa pembe ya mtandio, kajiona mwanasiasa. Dada wa Tanga aliweka sinia mezani, akaokota tambara, akapiga magoti, akaanza kufuta kizingiti.

Wiki zilizofuata tulijipongeza. Kaka alianza kuja na halua, kiboksi cha mama na kiboksi cha dada, na kumpa kwa mikono miwili, nusura amwamkie. Jirani alirudi, ila kahawa akimiminiwa na dada hainywi, na siku moja alinivuta uani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama "yule wenu" anaweza kumtengenezea kidogo tu, mume wake siku hizi haongei. Nilikimbia ndani kumsimulia mama. Nilikuwa na hakika hii ndiyo hadithi nitakayoisimulia mpaka nizeeke.

Mama hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Mbona kimya?" akauliza.

"Kimya kipi?"

"Jikoni. Tangu lini huyu haimbi?"

Ni kweli. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nikashindwa. Mama akapaza sauti, "We mwana! Mbona huimbi?"

Sauti ilirudi bila haraka, pamoja na kisu kwenye ubao wa kukatia. "Mchawi haimbi, mama."

"Nani kakuita mchawi?"

Kisu kikasimama. Dada akaja mpaka mlangoni, mikono inanuka kitunguu. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Wewe, mama. Yule jirani simjui, hanijui. Mwanao naye ndiyo hivyo alivyo. Lakini wewe nakuogesha. Ukasema mchawi wa Tanga, na ukacheka. Kanisani wamesikia, dereva wa jirani kasema. Ijumaa, siku ya ibada yetu huku, wamenizunguka, wamenishika kichwa, wanakemea pepo litoke. Dada zangu wale, naimba nao. Nilitaka useme siyo mimi. Basi. Hata kama ningeondoka."

Akarudi jikoni. Binti wa mama mdogo akaanza kulia, na mimi nikawa natafuta pa kuyaweka macho. Mama alipitisha kidole kwenye ukingo wa kikopo cha marhamu, kisha akaniambia nimpe simu na niweke sauti ya juu.

Alimpigia kaka kazini. "Nisikilize, na usinikatize. Yule hajaroga mtu. Ni mtoto wa mdogo wangu kamwaga mafuta, kakwambia, hukumsikia. Na mimi nimekudanganya, nimekutia hofu kwa makusudi kwa kuwa wewe ni mwoga. Kesho unakuja, unasimama jikoni, unamwomba radhi. Bila halua."

"Mama, niko kwenye mkutano."

"Vizuri, nao wasikie."

Halafu jirani, kwa Kiarabu, maneno yale yale, na kwamba kama kahawa inayomiminwa na mkono huu hainywi, basi hii nyumba haina mkono mwingine. Jirani alisema kitu kifupi, simu ikakatika. Mama aliiweka mapajani. Huyo ndiye rafiki yake aliyebaki, hakuna mwingine anayekuja alasiri. Alitikisa kichwa, akasema, "Haya."

Jikoni hakuna kilichobadilika. Maji yalifunguliwa, yakafungwa.

Basi mama akaanza yeye. Lile pambio la kumenyea vitunguu, kwa sauti yake ya kizee iliyopasuka, la la la mpaka kwenye kiitikio, na kiitikio kilipofika hakuimba la la la. Aliyaimba maneno, yote, jina lile alilolikwepa miaka yote likiwamo, kwa nguvu, tena nje ya ufunguo kabisa. Mimi nilishika mdomo.

Mlango wa jiko ukafunguka kwa kishindo. "Mama! Si ulisema utaingia motoni!"

"Basi njoo uimbe mwenyewe," mama akasema, anahema, "mimi ninyamaze."