Jiwe Kubwa la Donya Fina

Enzi nilipokuwa nikisukuma mkokoteni wangu wa barafu tamu katika mitaa ya mji wetu wa Oaxaca, nilikuwa na mlango mmoja nisioupita bila kusimama: kwa Donya Fina Matadamas (donya kwetu ni bibi wa heshima), mtaa wa Jalatlaco. Leo kumejaa hoteli. Wakati ule kulikuwa bado kunanuka ngozi za mafundi viatu. Sebule ya Fina ndiyo ilikuwa ukumbi wa maonyesho. Picha zilitundikwa hadi juu ya jiko, na ukitaka kutazama ile ya chooni, ulipiga hodi kwanza.

Uani alikaa mumewe, Nazario, na mashine yake ya kuchapia, pamoja na mawe. Msanii alichora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, likapakwa wino, zikachapwa karatasi kadiri zilizoahidiwa. Kisha jiwe lilisagwa kwa mchanga na maji mpaka mchoro ufutike, asitokee mtu wa kuchapa nyingine kwa siri. Mimi niliona ni wazimu.

"Kompadre," Nazario akaniambia (nilimsimamia mwanawe ubatizo, ndiyo maana tukaitana hivyo), "kwani barafu yako wewe hudumu mpaka lini?"

Nikamchotea kikombe kabla haijayeyuka.

Ah, Jumamosi zile! Yakifunguliwa maonyesho mapya, watu walijaa mpaka barabarani na vikombe vya meskali, pombe yetu kali ya mkonge, mafundi viatu wakibishana na wachoraji kama ng'ombe yule pichani ni ng'ombe kweli au ni serikali.

Nazario alipofariki, mchoro wake wa mwisho ulibaki kwenye jiwe kubwa kuliko yote: mikono ya Fina ikipukuchua mahindi. Karatasi ishirini zilikwisha kuchapwa, na wanunuzi wamekwenda nazo zote. Fina hakubaki na hata moja. Akalifunika jiwe kwa shuka, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Miaka ikapita. Akaja binti mmoja kutoka milimani, Obdulia, mchoraji. Kijiji chao kilikuwa kimefukiwa na maporomoko ya udongo, naye alitaka kukichora chote, nyumba kwa nyumba, kwa ajili ya maonyesho ya Fina. Akajaribu mawe madogo, kijiji kikawa hakienei. Mawe makubwa kama lile hayapatikani tena. Binti hakuomba. Alilitazama shuka tu, akainamisha kichwa.

Nikamvuta Fina pembeni. "Chapa moja kabla ya kulisaga. Tundika chumbani kwako. Nani atajua?"

"Wewe kompadre umezeeka vibaya! Nazario alitia sahihi ishirini. Nikitoa nyingine nitakuwa nimemfanya mwongo, na huko aliko hawezi kujitetea."

"Basi liache lilivyo."

"Lilale na shuka lake kama mgonjwa? Hadi lini?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Mikono hii hapa ninayo, kompadre. Ninachokiogopa kukipoteza ni jinsi alivyokuwa akiitazama."

Nikampa barafu ya ndimu, akaila amesimama.

Asubuhi moja nikamkuta amekwisha kuliondoa shuka. Alimwaga maji na mchanga, akaweka jiwe dogo juu ya lile kubwa, wakaanza kulizungusha yeye na Obdulia. Likalia kama kinu cha kusagia mahindi. Mahindi yakatoweka kwanza, halafu vidole. Walipoliosha likakauka, tuliona kivuli cha mikono, chembamba kama mvuke.

"Donya, kimebaki," Obdulia akasema polepole. "Nikiacha hivi, kitakuwa chini ya kijiji changu. Mimi sitajali."

Fina akakipitisha kiganja juu ya kile kivuli, akakiacha hapo kwa muda.

"Nazario angekutukana," akasema. "Jiwe chafu halichorwi. Lete mchanga."

Wakasaga tena, hata jiwe likawa jeupe kama tortiya, chapati yetu ya mahindi, kabla haijachomwa. Mimi ndiye niliyelia. Fina alikausha mikono kwa aproni, akaketi, akashusha pumzi.

Obdulia akashika kalamu, akaganda, asijue mstari wa kwanza aupige wapi.

"Chora basi, mwanangu!" Fina akasema. "Unaliogopa nini? Anza na nyumba ya mama yako."