Magunzi Meupe kwa Wageni wa Posa

Nilipokuwa mtoto kule Samuye, miaka ya sabini, kazi yangu nyumbani ilikuwa magunzi ya chooni. Kisa chenyewe kilianza Jumamosi moja, saa nne kamili asubuhi, wageni walipoketi uani kwetu kumposa shangazi yangu Kabula.

Karatasi ya chooni hatukuijua. Watu wa mjini, Ngokolo, walikata magazeti. Wachungaji walitumia majani, nao walijua yapi yanawasha. Sisi tulitumia magunzi. Leo watu wakisikia hunihurumia, nami huudhika kidogo, kwa sababu hawajui kazi iliyokuwamo. Mahindi yakishapukuchuliwa, nilichagua magunzi makavu, nikayasugua moja kwa jingine mpaka makapi yanayokwaruza yakaisha, nikayaanika juani, kisha nikayapanga kwenye kikapu chenye mfuniko. Na yote yawe meupe. Mekundu yalikuwa ya kuchoma tu. Bibi alisema gunzi jekundu huita damu: likionekana chooni, binti wa nyumba hiyo mimba zake hazitafika mwisho. Kuna nyumba wageni wa posa waliondoka bila hata kunywa maji, kwa gunzi moja tu. Na Kabula alikuwa amesubiri kuliko wasichana wote wa rika lake. Bibi alihofu posa nyingine haitakuja.

Nilipoingia jikoni kuchota maji, nilikiona kikapu changu kitupu kando ya mafiga. Mama Shija, jirani aliyekuja kusaidia kupika, alikuwa akisukuma gunzi jeupe la mwisho motoni. Yeye aliolewa kijijini kwetu kutoka Nkome, ziwani, na mambo yetu ya mahindi alikuwa bado hajayajua.

"Mama Shija, hayo ni ya chooni!"

"Si ndiyo makavu? Au wali wa wageni uive kwa jua? Usinililie, nimeshakuwekea mengine huko."

"Yapi?"

"Ya gunia la mlangoni. Yale si magunzi?"

Gunia la mlangoni lilikuwa la mekundu.

Hapo hapo baba mkubwa wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye fimbo, akainuka na kuuliza njia ya kwenda nyuma ya zizi. Mtoto hamzuii mzee anayekwenda haja. Lakini mzee naye hampiti mtoto aliyepiga magoti kumsalimu. Nilimnong'oneza Bibi mlangoni kwake, "Mekundu yako chooni!", nikakimbia, nikapiga magoti katikati ya njia, kati ya zizi na ua wa minyaa.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, mjukuu. Wa nani wewe?"

Nikamtajia baba, nikamtajia babu, nikaendelea hadi ukoo wa bibi. Nikamuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za pamba, za mvua. Alinijibu yote kwa adabu, huku akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Nyuma yake nilimwona Bibi na goti lake bovu akizunguka zizi, kanga imejaa magunzi meupe ya akiba yake.

"Na mbuzi, babu, hawajambo?"

"Hawajambo! Mjukuu wangu, ukifika kwenye kuku nitaaibika hapa hapa."

Bibi akakohoa kuashiria kwamba ameshayabadilisha. Nikampisha mzee.

Aliporudi, mzee aliketi taratibu, akawaambia wenzake kwa sauti ya wote kusikia: "Hapa pana malezi. Mtoto anajua kusalimu, tena anajua mno. Na huko nyuma pametunzwa kama chumbani. Tuzungumze ng'ombe."

Bibi hakunitazama. Alikung'uta kanga yake, akajifunga upya, akaketi akiwa amenyoosha shingo.

Nimesoma mpaka chuo kikuu, na najua rangi ya gunzi haidhuru tumbo la mtu yeyote. Hunisumbua bado kwamba maisha ya shangazi yangu yangeweza kugeuka kwa kitu kidogo namna ile. Hata hivyo imani hiyo hiyo ndiyo iliyotufanya tulitazame kila gunzi kabla halijamgusa mtu. Na mimi, katika umri ule, nilikabidhiwa heshima ya nyumba nzima, nikaitunza. Siionei haya kazi ile. Najivunia.

Asubuhi iliyofuata Kabula alinikuta kwenye rundo la magunzi, akaketi chini mbele yangu.

"Kwangu nitayafanya mwenyewe," alisema. "Nionyeshe."

Nikampa mawili. Alisugua kwa haraka, akanyoosha mkono kuchukua mengine. Nikayapitisha yale shavuni mwangu, nikamrudishia, nikamwambia bado.