Kulungu Asiyedondosha Pembe

Inafaa kwanza nieleze hali yetu ilivyokuwa. Tulikaa Walthamstow, London, miaka kadhaa baada ya mapinduzi, katika vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Mimi nikifundisha Kiarabu mchana na kusahihisha kazi za wanafunzi jioni, shangazi yangu akiketi dirishani kutazama soko likifunguliwa na kufungwa. Kwetu Unguja alikuwa na kazi iliyojulikana, nayo ni kuumika. Aliyeumwa na kichwa au mgongo alimwendea. Shangazi humchanja kidogo kwa wembe, akambandika pembe ya ng'ombe iliyo wazi ndani, akafyonza hewa kwa tundu la nchani, kisha akaliziba kwa nta na kuiacha pembe ivute damu. Pembe hizo, ambazo huitwa chuku, zilibaki huko siku tulipoondoka, na London hakupata nyingine. Ng'ombe wa huku hukatwa pembe tangu wakiwa ndama, na muuza nyama wetu alipoulizwa alicheka tu. Wanawake wa kwetu waliokuwa wakija kumwomba awaumike walianza kupungua, na kadiri walivyopungua ndivyo shangazi alivyozidi kunyamaza.

Mmoja alimletea gilasi.

"Hii nitaifyonzea wapi, mwanangu?" shangazi alimwuliza. "Haina ncha." Akaiosha, akaipanga kabatini pamoja na vikombe.

Daktari alimwamuru atembee. Kwa hiyo kila Jumapili, hata nilipokuwa nimechoka kiasi cha kusinzia nimesimama, tulipanda basi hadi ukingo wa msitu wa Epping. Huko, katikati ya baridi, tulimwona dume mmoja wa kulungu amejitenga na wenzake. Wenzake walikuwa na pembe kavu, pana kama viganja vilivyokunjuliwa, zisizomfaa shangazi kwa lolote. Za huyu zilikuwa fupi, nene, bila matawi, zimetoka vinundu, nazo zilikuwa bado zimevikwa ngozi laini yenye vinyweleo, ambayo kulungu wengine huikwangua mitini kabla baridi haijaingia.

Shangazi alinishika mkono. "Umeziona? Hizo ndizo. Moja ya mgongo, moja ya kipaji cha uso."

"Shangazi, yule ni mnyama wa watu."

"Nimesema tumwibe? Si wewe uliyeniambia kila mwaka huzidondosha? Tutaokota."

Nilikuwa nimemwambia kweli: dume huangusha pembe majira ya kuchipua, kisha huota nyingine. Tukangoja. Majani yalipoanza kutoka, wenzake walidondosha mmoja baada ya mwingine, na tulizikuta pembe zao zimelala chini ya miti. Huyu wetu alibaki nazo, na vinundu vikazidi.

Nilikwenda maktaba, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kutuliza shaka. Nikasoma kwamba dume aliyeumia korodani hukosa ile nguvu ya kiume inayozikausha pembe na kuziangusha kwa wakati wake. Zake hubaki hai ndani ya ngozi, zikikua bila mpango muda wote wa uhai wake. Nikasoma pia kwamba pembe ya kulungu, tofauti na ya ng'ombe, ni mfupa ulioshiba, usio na uwazi ndani. Nikamweleza shangazi yote mawili, taratibu.

"Kwa hiyo hazidondoki."

"Hazidondoki."

"Na ndani hazina nafasi."

"Hazina, shangazi."

"Nani kaingia akaona? Pembe nimezishika mimi tangu sijavunja ungo. Msomi mzima, unamwamini aliyeandika, humwamini aliyefyonza!" Akacheka peke yake, kisha akauliza Jumapili tutatoka saa ngapi.

Tuliendelea kwenda. Kiangazi kilipopamba moto tulimkuta kulungu yule amekufa kando ya njia, nzi wamemjaa penye ngozi ya pembe iliyochanika na kuoza. Mlinzi wa msitu alikuwa amekwisha fika na gari lake. Shangazi alinituma nimwombe pembe moja. Yule bwana alimtazama bibi aliyejitanda buibui, akanitazama mimi, akaenda kuchukua msumeno.

Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akaugeuza mkato juani. Ulikuwa mfupa tangu ukingo hadi ukingo, wenye vishimo vyembamba vya damu katikati, visivyopitisha hata unyasi. Alijaribu kuchokoa kwa ncha ya ufunguo wa nyumba, akajaribu tena. Nilisimama karibu naye nikitamani kitabu kiwe kimekosea.

Aliirudisha pembe kwa mlinzi, akamshukuru kwa Kiswahili. Wiki iliyofuata alikuja mwanamke kutoka Woolwich, mgongo ukimsumbua. Shangazi alimpikia chai, akamwambia kwamba kazi ile ameiacha. Hakumuumika mtu tena mpaka alipofariki.