Harithi Aliomba Wasimame

Daktari wa Nachingwea alimwambia Mwanaima maneno machache: mgonjwa huyu mrudishe nyumbani. Mwanaima hakuuliza nyumbani kufanya nini. Alikodi gari dogo, akamlaza mumewe, Harithi, kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwake, wakashika barabara ya milimani kwenda Chunyu, wilayani Ruangwa.

Harithi alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, lakini ujana wake aliumalizia kwenye barabara ile, akiwa kibarua wa kuchimba mifereji na kufyeka nyasi. Gari lilipomaliza kupanda mlima wa kwanza akasema, "Kijana, simama. Niinueni nione."

Nuhu, dereva, alimtazama Mwanaima kwenye kioo. "Mama, tusimame?"

"Simama, baba."

Walimwinua. Chini mikorosho ilikuwa imetanda mpaka macho yanapokomea. "Hapa tulikuwa tunapika ugali, Mama Saada," Harithi akamwambia mkewe. "Upepo unazima moto, sisi tunacheka tu."

Mlima wa pili alitaka tena. Alimshika mkewe kidole, akayatazama mabonde ya Narung'ombe mpaka Nuhu akasema jua linakuwa kali.

Kwenye mteremko, Mwanaima alisikia pumzi ikikatika mapajani mwake. Akasubiri nyingine. Haikuja. Akamfumba macho, akamwombea kwa sauti ya chini, asimwambie Nuhu. Aliogopa wasije wakashushwa njiani. Madereva wengi hawabebi maiti.

Mlima wa tatu Nuhu alisimamisha mwenyewe. "Mzee, hapa ndipo penyewe!" akasema, akafungua mlango amwinue. Alipogusa ule mkono, akauweka chini taratibu.

"Tangu wapi, mama?"

"Tulipoanza kuteremka. Nisamehe, mwanangu."

Nuhu alifunga mlango polepole. "Tumfikishe kwake," akasema.

Chunyu, Mbaruku, ndugu yake Harithi, alisikiliza yote akiwa amesimama uani. "Mtu anakata roho, nyinyi mnasimama kuangalia milima?" akafoka. "Angetukuta, shemeji. Tungeagana naye."

Walizika kabla ya alasiri. Arobaini ikaisha bila Mbaruku kukanyaga kwa Mwanaima. Na yeye mwenyewe, akiwa peke yake shambani, hakujua kama siku ile alimfurahisha mumewe au alimnyima kuagana na ndugu zake.