Pembe ya Mzee Elirehema

Kijijini kwetu, pembe ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, alikuwa akiipuliza Mzee Elirehema. Ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, tunapanda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Uzeeni akapata kazi ya kulinda geti la uwanja wa mchezo wa kurusha magari na pikipiki, chini huko, njia ya Kisiwani; pembe akawa anakwenda nayo. Uwanja gani ule! Matuta na makorongo matupu, vijana hawana kofia ngumu, hata bandeji hakuna. Mwenye uwanja anakaa zake mjini Same.

Jumamosi moja gari lilipinduka, likamlalia Loth, mjukuu wa mzee. Wenzake wakakimbia kwa kuogopa polisi. Simu haikushika mtandao. Mzee akapuliza pembe.

Tuliisikia sote. Tukabeba majembe, tukapanda kwenye ndiva, tukakaa kule tukimnung'unikia: katuita, mwenyewe haonekani! Pembe ikalia, ikalia, ikanyamaza.

Tuliposhuka kumtafuta, tulimkuta amepiga magoti, mikono ingali chini ya lile gari, imemshika Loth aliyekwisha kupoa. Akayatazama majembe yetu.

"Afadhali mmekuja nayo," akasema. "Kachimbeni."