Kiraka cha Mbele ya Lifti

Fundi Terazo hakuwa mtu wa kukaa. Chai aliinywa akitembea, na ukimwambia "keti basi, dada," alikujibu kwamba sakafu haisuguliwi kwa makalio. Lakini wiki ile alizidi. Alizunguka ukumbi wa mapokezi wa lile jengo la ofisi kama kuku anayetaka kutaga, na kila mara aliishia palepale, mbele ya lifti.

Jengo lilikuwa na miaka sitini, na lilikuwa linarudishwa kama lilivyokuwa siku ya kufunguliwa. Sharti la msanifu, mama asiyecheka ovyo, lilikuwa fupi: cha wakati wa ujenzi kibaki, kilichoongezwa baadaye kitoke. Vigae vya baadaye vilishang'olewa na gundi kukwanguliwa. Chini yake ikatokea terazo ya kijivu, ile sakafu ya saruji na kokoto inayosuguliwa hadi ing'ae, kila ukanda wa shaba unaoigawa umenyooka. Aliyeimwaga ni baba yake Fundi, ndiye pia aliyemfundisha kazi. Mzee huyo alilea watoto sita kwa sifa ya sakafu hiyo: "Haina doa. Katafuteni!"

Haya, doa hilo. Kiraka cha upana wa sinia, kokoto nyekundu, ukanda umepinda. Msanifu alikizungushia chaki. "Hiki ni cha baadaye. Kesho asubuhi kivunjwe."

Fundi alisema sawa, moyo ukakataa. Ule upindaji aliujua. Hivyo ndivyo baba yake, mtu wa mkono wa kushoto, alivyopindisha ukanda akiwa na haraka.

Jioni alimkuta mzee sebuleni na redio yake.

"Baba, pale mbele ya lifti kuna nini?"

"Kuna sakafu." Akaongeza sauti ya redio.

Fundi akaizima. "Kuna kiraka. Ni chako?"

Binti akaizunguka meza mara nne.

"Keti, utatoboa zulia," alisema mzee mwishowe. "Nilimwaga, nikaiacha wazi, nikaenda kutazama mpira. Jua la mlangoni likaikausha, ikapasuka. Ufunguzi umebaki wiki moja, kokoto za kijivu zimekwisha. Nikaokota nyekundu za bustanini. Wakatandika zulia la wakubwa juu yake, yakaisha." Akamshika mkono. "Kivunje, mwanangu. Usimwambie mtu."

Fundi alikasirika, tena sana. Utoto wake wote alisugulishwa upya kwa ajili ya nyufa nyembamba kama unywele, na mwalimu mwenyewe kumbe alikuwa mpirani! Lakini ule mkono haukumwachia. "Mficha maradhi, baba," alisema, asimalizie methali. "Siwezi kuvunja kazi yako, na siwezi kukusema. Nifanye nini?"

Mzee akawasha redio.

Asubuhi mashine ya kuvunjia ilikuwa tayari. Fundi aliiwasha, akaizima, akaiwasha tena. Dakika tano tu na siri ingekuwa vumbi. Akaizima.

"Sivunji, mama. Hiki ni cha wakati wa ujenzi."

"Una ushahidi gani?" aliuliza msanifu.

Fundi aliuchomoa waya wa mashine. Akatazama buti zake.

"Ushahidi ni mimi," ilisema sauti mlangoni. Mzee alikuwa amevaa koti lake la heshima, limefungwa vifungo vyote kwa joto lile. Alikuja polepole hadi kwenye chaki, akaeleza yote, hata mpira hakuuficha. "Kosa ni langu. Binti yangu hana hatia."

Msanifu alifungua jalada la jengo. Humo mlikuwa na jina la mhandisi, la mkandarasi, na la mkubwa aliyekata utepe; la fundi wa sakafu halikuwamo. Aliandika: kiraka kibaki, ni kosa la fundi wa mwanzo. "Jina lako, mzee?"

Mzee alishtuka. Alimtazama binti yake, ambaye safari hii alikuwa ameketi, chini kabisa juu ya terazo. Kisha akayataja majina yake yote matatu, taratibu, akingoja kalamu imfikie.

"Tayari," alisema msanifu.

"Nisomee, mama," alisema mzee. "Kwa sauti."